Muulize Mwalimu: Kura Saba za Mlangoni

Tangu tuseme kwamba ukurasa wa mwezi huu utahusu kura, barua zimefika kutoka visiwani na bara ya Lamu, Kenya. Nimechagua nne. Ya kwanza imenikosesha usingizi, kwa hiyo ndiyo niliyoipa nafasi kubwa.

Barua ya kwanza

*Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, nakaa kijiji kimoja kisiwani Pate. Kituo chetu cha kura ni darasa moja la shule ya msingi, na walioandikishwa hapo hawafiki mia nne. Uchaguzi wa 2022 mgombea mmoja wa ugavana alipata kura saba pale kwetu. Fomu ilibandikwa mlangoni usiku, na ilipofika saa nne za asubuhi watu walikuwa wameshakata shauri kwamba kura hizo saba zimetoka nyumbani kwetu, kwa kuwa mume wangu alimkaribisha wakala wa mgombea huyo akampa chai, na sisi watu wazima wa nyumba ile ni saba. Tangu siku hiyo wifi yangu mkubwa ameoza binti yake na sikuitwa hata kwenda kukanda unga wa mahamri. Mume wangu akipita barazani, mazungumzo hukatika. Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi sikumpigia mgombea yule. Najua nilipotia alama. Mama mkwe ataka twende sote saba tukale yamini mbele ya wazee, mambo yaishe kabla ya 2027. Mume wangu hataki. Nifanyeje? Na kwa nini hesabu ibandikwe mlangoni, kila mtu aisome?*
— Mama wa watatu, Pate

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usile yamini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la haraka, na kwa sababu mama mkwe wako, ambaye sina shaka anawatakia heri, anawasukuma kwenye shimo.

Hebu fikiri siku yenyewe. Mmekaa mbele ya wazee, msahafu uko hapo. Wewe waapa kwamba hukumpigia, na ni kweli. Mama mkwe aapa, na ni kweli. Je, shemeji yako mdogo naye akisita? Mume wako je, ambaye ndiye anayekataa kwenda? Kila atakayeapa anawapunguza waliobaki, mpaka abaki mmoja katikati ya watu akitazamwa. Utakuwa umejisafisha wewe kwa kumvua nguo mtu wa nyumbani kwako. Na mkiapa nyote saba na wazee wakaridhika, kijiji kitaanza jioni ile ile kutafuta nyumba nyingine yenye watu saba. Uchaguzi ujao, aliyepata kura tano watu wake wataitiwa msahafu, na baada yao wa kumi na mbili. Halafu wagombea watajifunza. Tayari wako wanaowalisha watu yamini kabla ya kura, pamoja na noti mia mbili mkononi, na mimi nimewaona watu wazima wakilia chumba cha kura kwa hofu ya kiapo walicholishwa usiku wa jana. Usiwape mlango mwingine wa kuingilia.

Kura yako unaijua, na ukiitaja itakutoa lawamani. Najua uzito wa hilo. Lakini kura ile si siri yako peke yako. Ukinyamaza wewe ambaye hukumpigia, unampa nafasi ya kunyamaza yule aliyempigia, na sote tunaishi chini ya kivuli hicho kimoja.

Mimi nilishaona kura isiyo na kivuli. Februari 1988, kura za mchujo za chama cha KANU zilipigwa kwa mlolongo nchi nzima: unasimama nyuma ya picha ya umtakaye, watu wanahesabiwa vichwa, na anayepata asilimia sabini amepita bila kupingwa. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nikapewa kazi ya kunyoosha mistari uwanjani. Alikuwako fundi mmoja wa majahazi, mtu mzima, amevua viatu kavishika mkononi kwa sababu mchanga ulikuwa umelowa umande. Alisimama mstari wa kwanza. Baadaye aliinua macho akamwona aliyemkopesha mbao za jahazi lake amesimama mstari wa pili, anamtazama. Hakuambiwa neno. Akatoka taratibu, hatua nne au tano, akasimama nyuma ya mkopeshaji wake, uso ukiwa chini. Nyayo zake zilibaki pale kwenye mchanga kutoka mstari huu hadi ule, mimi nikiziona, na mimi ndiye niliyemhesabu. Nilimhesabu kule alikohamia. Ndiyo sababu nasema nawe kwa ukali kidogo.

Sasa, kwa nini fomu mlangoni. Swali lako ni la haki.

Tarehe 29 Desemba 1992 tulipiga kura ya vyama vingi, na kura hazikuhesabiwa vijijini. Sanduku lilifungwa, likapigwa lakiri, likapelekwa mahali pamoja pa kuhesabia. Mimi na karani mwenzangu tulilisafirisha letu kwa mashua, tukakwama tukingoja maji yajae, tumelikalia sanduku kwa zamu kwa sababu hatukuthubutu kuliacha hata kwenda kujisaidia. Watu wa kijiji walibaki pwani wakilitazama likienda. Walirudishiwa jina la mshindi tu. Kilichotokea njiani, au ndani ya ule ukumbi, hawakuwa na karatasi ya kukipimia. Tangu 2002 ndipo kuhesabu kukawa pale pale kituoni. Na Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema matokeo ya rais yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, makao makuu Nairobi hayana ruhusa ya kuyageuza. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi mzima wa rais, na fomu za vituoni zilikuwa katikati ya kesi ile. Kwa hiyo ile karatasi ya gavana, fomu 37A, inayowaletea nyinyi msiba, ndiyo hiyo hiyo inayomzuia mtu kuandika 70 palipokuwa na 7. Siwezi kukuombea ibanduliwe. Ila nakubali, kijiji chenye wapiga kura mia tatu na kitu hulipia uwazi huo bei ambayo Mombasa hawaijui. Kituo huruhusiwa hadi watu 700, na pale mjini saba hupotea kama punje ndani ya gunia. Kwenu zinaonekana moja moja.

Lakini zinaonekana vibaya! Nimehesabu kura kwa mikono yangu chaguzi nyingi, na nikuambie kinachotokea darasani milango ikifungwa. Masanduku ni sita. Karatasi nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, na ile ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ya rangi ya mchanga. Kila moja imetumbukizwa kwake, haina jina, haina namba ya kitambulisho chako. Msimamizi huikunjua, huisoma kwa sauti, huwaonyesha mawakala, huiweka kwenye fungu lake. Sijawahi, hata mara moja, kuona fungu linalolingana na yale mawakala waliyotabiri asubuhi wakinywa chai. Wakala anayejua kila nyumba ya mtaa wake hukaa pale mdomo wazi. Kura anazozitarajia kwa binamu hazipo. Zimetoka mahali asipopadhania. Mwalimu aliyehamishiwa kwenu kutoka Witu na kuhamisha jina lake, yeye yumo. Yumo kijana aliyekasirishwa na baba yake. Yumo nyanya aliyependa sura ya mtu kwenye karatasi. Yumo aliyeolewa kwenu kutoka Siyu na moyo wake ungali Siyu. Saba si nyumba.

Na usichukue neno langu tu, tazama kaunti nzima ilivyofanya mwaka huo huo wa 2022. Kura nyingi za urais Lamu zilikwenda kwa Raila Odinga wa muungano wa Azimio. Ugavana wakampa Issa Timamy wa ANC, chama kilichokuwa upande wa William Ruto. Useneta ukaenda kwa Githuku Kamau wa Jubilee, upande wa Azimio. Uwakilishi wa wanawake akaupata Muthoni Marubu, mgombea huru asiye na chama. Karatasi zile zilitiwa alama na mkono mmoja ndani ya kibanda kimoja dakika moja. Ingekuwa watu hupiga kura kwa amri ya nyumba au ya chama, hesabu kama hiyo isingepatikana. Tena Timamy huyo ndiye aliyechaguliwa 2013, akaondolewa 2017 akawekwa Fahim Twaha, akarudishwa 2022. Wazee wa mjini Amu, yaani Lamu, watakuambia hilo si geni, kwamba zamani pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana kuongoza. Sisi ni watu wa kupima na kugeuza. Wanaosema wanajua kura ya jirani wanajua ya mwaka wa nyuma.

Kuhusu wifi yako. Nenda kwake siku isiyo na shughuli, mchana, wewe na mtoto mmoja. Usitaje kura. Mwambie: "Wifi, binti yako ameolewa na mimi sikumtia hina, nimekuja kumwona." Basi. Akiitaja yeye, mjibu kwamba kura yako hujamwambia hata mumeo, na yake hutaki kuijua. Kwa mume wako, mpe salamu zangu na umwambie amefanya sawa kukataa kiapo, na amefanya sawa kumpa mtu chai. Pate gani hiyo ambayo mgeni wa mlangoni hapewi kikombe? Akae barazani, asipite tu. Mazungumzo yakikatika, na yakatike, yeye akae. Jioni ya tatu au ya nne mtu atataka kujua bei ya kamba, na watazungumza.

Barua ya pili

*Mwalimu, mimi ni kijana wa mji wa Hindi, hapa bara ya Lamu, nimemaliza chuo. Watu wa visiwani hutuambia bara ya Mpeketoni hupiga kura kikabila. Watu wa Mpeketoni nao husema visiwani ni ukoo na undugu. Nani mkweli? Na kura zetu zina maana gani, tulivyo wachache?*

Mwanangu, wote wawili wanaona kijiti cha jicho la mwenzao, na kinachowasukuma wote ni ardhi.

Mpeketoni ya leo ilianza miaka ya 1970, serikali ilipowapa watu mashamba kando ya ziwa ambalo sasa huitwa Ziwa Kenyatta. Wengi walikuwa Wakikuyu, na wengineo walikuja na kulima pamba, mahindi, korosho. Walipata hati za mashamba. Ndugu zao wa visiwani na Waboni wa Basuba, waliokuwa hapa kabla ya ramani, wengi wao hawana karatasi hadi leo. Mwenye hati hupiga kura asinyang'anywe, asiye nayo hupiga kura aipate. Ukiwa na woga wa aina hiyo utamtafuta mtu wa kwenu, awe wa kabila au wa ukoo, kwa sababu unadhani hatakuuza. Kisha ikaja Juni 2014, watu zaidi ya sitini wakauawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Nilifundisha watoto waliotoka kule, na sitaki kusikia mtu akililetea tukio lile hesabu za siasa.

Hata hivyo huo "ukabila" wenyewe hausomeki kirahisi. Mwaka 2022, Wakikuyu wa Mlima Kenya walikwenda na UDA, chama cha Ruto, kama mto. Lamu Magharibi, yenye Mpeketoni ndani yake, ikamrudisha bungeni Stanley Muthama kwa tiketi ya Jubilee. Na Ruweida Obo alichaguliwa Lamu Mashariki, mwanamke, katika eneo ambalo wengi waliapa kwamba wazee hawatakubali. Mimi siku hiyo nililia kwa furaha, na nasema hivyo bila kujali chama chake.

Uchache wetu: daftari la 2022 lilikuwa na watu 81,453 kaunti nzima, wachache kuliko kaunti zote 47. Kwa kura ya rais hiyo ni tone. Kwa gavana na kwa MCA ni kinyume chake, kila mtaa unatikisa mizani. Ningekuwa kijana wa Hindi ningewauliza wagombea mambo ya pale pale penye vumbi. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, mlango wa pili kutoka kwenu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo ya uvuvi waliyoyapoteza. Muulize kila anayekuja na shati lenye picha yake: wewe ulikuwa wapi kesi ile ilipokuwa ikisikizwa, na ukiingia ofisini utafanya nini kwa shamba la baba yangu lililopitiwa na barabara? Atakayejibu kwa tarehe na majina ya ofisi, msikilize. Atakayeanza kukuhesabia makabila, mwache aendelee na safari yake.

Barua ya tatu

*Nyanya yangu hapa Matondoni haoni vizuri na hakusoma. Uchaguzi uliopita alisaidiwa na mtu asiyemjua na sasa ana shaka alama ilitiwa kwengine. Sheria inasemaje?*

Nyanya ana haki ya kwenda na mtu amtakaye yeye, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mtu huyo atajaza fomu ya kuapa kutunza siri, na hawezi kumsaidia mpiga kura mwingine siku hiyo. Nyanya asipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo ndiye humtilia alama, mbele ya mawakala. Karani yeyote au kijana wa mlangoni aliyejitolea kwa wema wake hana ruhusa.

Basi mwende wewe. Na kabla ya siku, mfundishe kunong'ona. Hili nalisema kwa uzoefu: vikongwe wetu wana sauti. Mmoja alinishika mkono kituoni akasema jina la mgombea wake hata waliokuwa kwenye foleni nje wakasikia, na mawakala wakaandika. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa karatasi ya daftari. Mchoree alama za vyama kubwa kubwa, aoneshe kwa kidole bila kusema. Anayeweza kusuka mkeka kwa kupapasa ataweza na hilo.

Barua ya nne

*Mwalimu, mimi mvuvi wa Kizingitini, miaka mitatu sasa niko dago, kambi ya wavuvi, Malindi. Jina liko kwetu. 2022 sikupiga kura, sikuwa na nauli wala bahari haikuruhusu. Nihamishe kura au nirudi?*

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, nao ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Agosti ni kusi, wewe unaijua kunishinda. Nimepiga hesabu ya mwezi: utakuwa umeandama wiki moja hivi, kwa hiyo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na mkondo wa Mkanda unaujua ulivyo. Ukingoja mgombea akuletee basi na mashua, atakuletea pamoja na jina lake, na safari nzima utaimbishwa.

Ikiwa Malindi ndiko unakolala, watoto wako wanakosoma na samaki wako anakouzwa, hamishia jina huko, ili umchague MCA atakayekujengea banda la barafu unalolitumia. Kama mke na nyumba viko Kizingitini na dago ni la msimu, liache jina kwenu na uweke nauli kidogo kidogo tangu Ramadhani. Uhamisho huombwa angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo usivuke mwanzo wa Mei. Chukua kitambulisho, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge la Malindi asubuhi, siku ambayo hukutoka baharini.